Pete ya kauri yenye njumu: kuikereza nyumbani bila kuipasua

Anayenunua mashine ya kukerezea kwa ajili ya pete huuliza kwanza patasi gani inakata kauri. Hakuna. Kauri ya pete si ile ya vikombe. Ni zirkonia, oksidi ya zirkoni iliyochomwa kwenye joto la nyuzi 1,400 hadi 1,500 za Selsiasi mpaka chembe zake zikashikana. Patasi ya chuma ikiigusa, kinacholika ni chuma, na pete hubaki na mstari wa kijivu. Ncha ya kabidi, ile ngumu kuliko chuma, nayo haifui dafu. Almasi ndiyo inayoiweza, na kuichonga kwa almasi nyumbani ni kazi ya vumbi jingi na faida ndogo.

Kwa hiyo pete yenyewe hununuliwa tayari, mfereji wake ukiwa umeshachongwa. Kazi yetu ni kuujaza mfereji huo njumu, yaani mawe yaliyopondwa, lulumizi (utando unaong'aa wa ndani ya ganda la chaza), mbao au unga wa rangi, kisha kuikereza njumu hadi ilingane na kingo. Mashine huhitajika kwa muda mfupi tu. Saa nyingi zitakwenda kwenye kuishika pete na kuujaza mfereji, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Amua saizi kwanza, maana hapa hakuna marekebisho. Pete ya dhahabu hupanuliwa au hupunguzwa. Ya kauri ikishatoka tanuruni, basi. Pima kidole jioni, mwili ukiwa na joto, kwa sababu vidole vya asubuhi ya baridi huwa vyembamba. Upana nao una neno lake: pete ya milimita 8 hubana zaidi kuliko ya milimita 4 yenye kipenyo kilekile, kwa hiyo kwa pete pana mimi huongeza nusu saizi. Saizi 7 ya Marekani ni kipenyo cha ndani cha milimita 17.3, na saizi 10 ni milimita 19.8. Usiiamini namba ya kwenye pakiti. Pima kipenyo kwa kalipa, chombo cha kupimia milimita chenye taya mbili, na uandike, utaihitaji hiyo namba sasa hivi.

Sasa pa kuishikia. Pete nyingi hufia hapa, tena kabla hazijatiwa hata chembe ya jiwe.

Kauri ikisukumwa kutoka nje kwenda ndani hustahimili mengi, lakini ikivutwa ni dhaifu. Taya za mashine zikifunguka ndani ya pete na kuisukuma nje, zinaivuta mzunguko mzima, tena zikiigusa sehemu tatu au nne tu. Chuma kingepinda kidogo kikakupa onyo. Kauri haipindi: inalia ta, na una vipande viwili mkononi. Ndiyo maana simkubalii mtu anayeibana pete ya kauri moja kwa moja kwenye taya za chuma, hata akisema anabana kidogo.

Tengeneza mandreli yako mwenyewe, yaani kishikio kinachoingia ndani ya pete na kuzunguka nayo. Chukua kipande cha plastiki ngumu ya asetali, urefu wa kidole, kifunge kwenye taya na ukikereze hapohapo hadi pete iingie kwa kusukumwa na gumba, si kwa kugongwa. Acha bega dogo upande wa taya ili pete iwe na pa kuegemea, na bega hilo liwe jembamba kuliko pete kwa nje, patasi isije ikaligonga. Kisha toboa katikati kwa drili, pasua ncha kwa msumeno mwembamba, mikato miwili inayopishana, na utie skrubu yenye kichwa cha koni. Skrubu ikiingia robo mzunguko, ncha inapanuka na pete inashikwa pande zote kwa upole. Ikiwa bado inateleza, zungushia mandreli tepu ya karatasi tabaka moja. Usikaze skrubu ili kufidia kipimo kibaya.

Mbao ngumu nayo hufaa, ila ina tabia moja. Msasa wa mwisho hupigwa kwa maji, mbao huyanywa maji hayo na kuvimba, na kuvimba kwake kunaisukuma pete nje sawasawa na zile taya tulizozikataa. Ukitumia mbao, ipake supagluu nyepesi ikauke kabla ya kuanza, na usiiache pete juu yake usiku kucha.

Mandreli iliyokerezwa palepale huzunguka katikati kamili. Ukiitoa na kuirudisha, ukamilifu huo huenda ukapotea, kwa hiyo iwekee alama ya kalamu inayoonyesha ilikaa kwenye taya ipi. Kabla ya kujaza chochote, vika pete, washa mwendo wa chini kabisa na usogeze ncha ya kalamu ya wino hadi iguse ukingo. Mstari ukizunguka wote, endelea. Ukitokea upande mmoja tu, pete imekaa upande, itoe uirudishe. Pete iliyokaa upande itakupa njumu nene huku na nyembamba kule, na msasa hautakuokoa.

Nije kwenye kujaza. Kwanza sugua sakafu ya mfereji kwa faili dogo la almasi ili gundi ipate pa kung'ang'ania, halafu safisha kwa asetoni na usiiguse tena kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya njumu ibanduke baadaye. Ziba ndani ya pete kwa tepu ili gundi isivujie huko.

Kuhusu nini cha kutia, ushauri wangu huenda kinyume na macho ya mgeni, ambayo hukimbilia opali na feruzi. Angalia ugumu kwanza. Kwenye kipimo cha Mohs, opali ni 5.5 hadi 6.5 na feruzi ni 5 hadi 6, na mawe hayo humaliza makali ya patasi haraka. Lulumizi iko kati ya 3 na 4, inakatika vizuri na kung'aa bila kubembelezwa. Anza nayo. Malakaiti pia ni laini, 3.5 hadi 4, lakini ina shaba na vumbi lake ni sumu. Sipendi kumpa anayejifunza.

Ponda vipande ndani ya kinu cha chuma ukiwa umevifunika kwa kitambaa visiruke, kisha chekecha upate makundi matatu: vipande vya milimita moja hivi, punje kama za mchanga, na unga. Vipande vikubwa huingia kwanza, kimoja kimoja kwa kibanio, vikiwa vimelala. Punje huziba nafasi kati yake, na unga huziba zilizobaki. Ukimimina vyote kwa pamoja, unga utatangulia chini na vipande vikubwa vitaelea juu, ambako patasi itavikata na kuvitupa.

Rangi ya sakafu ya mfereji ina kauli. Opali yenye kupitisha mwanga hupendeza juu ya weusi, kwa kuwa weusi unazifanya cheche zake zionekane. Unga unaong'aa gizani ni kinyume chake: juu ya weusi hufifia, kwa hiyo paka kwanza rangi nyeupe nyembamba na uiache ikauke.

Gundi ninayoipendelea ni supagluu nyepesi, ile inayotiririka karibu kama maji. Weka tabaka jembamba la vipande, dondosha tone, liache lijipenyeze lenyewe, subiri ligande, ndipo uweke tabaka jingine. Kuna dawa ya kupulizia inayoigandisha mara moja. Ipulizie kwa mbali na kwa uchache, kwa sababu ikizidi gundi huchemka na kubaki na viputo vyeupe. Tone kubwa lililojaa kwenye mfereji nalo hufanya vivyo hivyo. Pamba usiisogeze karibu na supagluu mbichi, wala kufutia kitambaa cha pamba: gundi hiyo hugandia ndani ya nyuzi kwa ghafla na kutoa joto la kuunguza ngozi. Fungua dirisha pia, mvuke wake unachoma macho.

Wapo wanaopenda resini ya kukaushwa kwa taa ya urujuanimno. Ni safi na haina haraka, ila mwanga haupiti kwenye jiwe. Juu itakauka, chini ya kipande kikubwa itabaki mbichi, na hutajua mpaka njumu ianze kucheza. Kwa mawe yasiyopitisha mwanga mimi siigusi. Epoksi haina tatizo hilo, lakini huteremka kabla ya kuganda, kwa hiyo pete lazima izungushwe taratibu muda wote. Na vipimo vya sehemu zake mbili lazima viwe sahihi, la sivyo itabaki inanata milele.

Jaza hadi njumu ipande nusu milimita juu ya kingo, pande zote. Izungushe kwa mkono chini ya taa ukitafuta mabonde. Ni rahisi kuyajaza sasa kuliko baada ya kukereza. Kisha iache siku nzima. Supagluu ikigusika kavu bado haijamaliza kusinyaa, na anayeikereza mapema hukuta kesho yake njumu imezama chini ya ukingo.

Kabla ya kuwasha mashine: miwani ya kukinga macho, barakoa yenye chujio la vumbi, mikono ya shati imekunjwa, nywele zimefungwa, pete zako mwenyewe na saa mezani. Glavu hapana. Mashine ikishika uzi wa glavu haiuachii, na nyuma ya uzi kuna kidole.

Mwendo wa mizunguko 1,000 kwa dakika unatosha. Tumia ncha kali ya kabidi, uso wake wa juu ukiinamia chini kidogo kuelekea pete, ili ikwaruze badala ya kuchimba. Ondoa kidogo kidogo, kutoka katikati ya njumu kwenda nje, na usimame ukiwa bado juu ya kauri kwa kama sehemu ya kumi ya milimita. Sikiliza. Njumu hutoa mkwaruzo mkavu. Patasi ikikaribia kauri sauti hupanda na kuwa kali. Hapo rudisha mkono, kwa sababu mguso unaofuata utamega ncha, na pengine na ukingo wa pete. Kama umetia opali au feruzi, ruka patasi kabisa, tumia faili bapa la almasi na maji.

Kilichobaki ni cha msasa wa maji, wa silikoni kabidi, namba ikipanda punje zinakuwa ndogo: 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Ukate vipande vidogo na uushike kwa chini ya pete, kwa ncha za vidole, ili ukinaswa ukuponyoke. Usiuzungushe kidoleni kamwe. Na uuweke juu ya kitu bapa na kigumu, mathalani kipande cha plastiki, kwa sababu gundi ni laini kuliko jiwe: msasa uliolala kwenye nyama ya kidole hula gundi na kuacha mawe yamesimama kama meno. Ukipitisha kidole juu ya pete utayahisi.

Maji hayapo kwa ajili ya ulaini tu. Yanalishika vumbi, na yanaipoza gundi, ambayo hulegea ikipata joto la nyuzi 80 hivi. Simamisha mashine kila mara uiguse pete. Ikiwa na joto la kukera, pumzika. Kati ya namba moja na nyingine futa kila kitu, kwani punje moja ya 320 iliyobaki itachora mistari mpaka mwisho. Mimi pia husimamisha mashine na kusugua kwa upana, kukatisha mistari, kabla ya kupanda namba. Mistari ya zamani ikishaisha yote ndipo napanda.

Kwenye 600 hivi yatajitokeza matundu madogo. Hayaepukiki. Kausha pete kabisa, kwa kuwa unyevu huifanya supagluu iwe nyeupe, ongeza unga na tone, subiri, urudi nyuma namba mbili.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii: ule msasa ni mgumu kuliko zirkonia, kwa hiyo kingo zilizokuja zinang'aa zitafifia. Unaweza kuzifunika kwa tepu, na unapotumia faili tepu husaidia, ila msasa wa mwisho lazima upite juu ya njumu na ukingo pamoja ili visiwe na ngazi kati yake. Mimi huziacha zififie, kisha nairudisha pete nzima kwenye mng'ao kwa krimu ya almasi, maikroni 6, halafu 3, halafu 1, kwa kipande cha ngozi na mwendo mdogo. Ukipenda kingo zisizong'aa, simama kwenye 800 na ung'arishe njumu peke yake. Pete nyeusi ya namna hiyo naipenda kuliko zote.

Kuitoa, legeza skrubu na usukume kwa gumba. Isipotoka, mandreli imenata gundi. Dondosha asetoni kidogo upande wa mandreli, mbali na njumu, na usubiri. Mabaki ya gundi ndani ya pete yafute kwa asetoni kwenye kijiti chenye kitambaa, haraka, bila kugusa nje.

Atakayeivaa mwambie mambo matatu. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni itaila njumu. Ikianguka kwenye sakafu ya vigae inaweza kuvunjika. Na kidole kikivimba isiweze kutoka, msumeno wa kawaida wa kukatia pete za dhahabu hautafanya kitu: inawekwa ndani ya koleo la kujifunga, inabanwa, inaachiwa, inakazwa kidogo zaidi, inabanwa tena, macho yakiwa yamekingwa na pete imefunikwa kwa kitambaa, hadi ipasuke yenyewe.