Somo: Kulinda mbegu na miche kitaluni dhidi ya sota na wadudu wengine wa udongoni

Miche ikianza kuanguka kitaluni, wengi hukimbilia duka la pembejeo kuomba "dawa ya wadudu". Kwa kawaida mdudu huyo alikuwa ndani ya udongo hata kabla mbegu haijasiwa. Kazi kubwa iko katika wiki tatu za mwanzo, wakati tuta bado tupu. Somo hili linahusu kitalu cha nyanya, kabichi na vitunguu, tuta la mita 1 kwa 5.

Kwanza mjue mharibifu

Shina lililokatwa usawa wa udongo kama kwa wembe ni kazi ya sota, kiwavi wa nondo. Fukua kwa kidole sentimita 2 hadi 5 kuzunguka mche huo asubuhi. Utamkuta kiwavi wa kijivu, mnene, anayejikunja ukimgusa. Ukikuta shina halikukatwa bali limesinyaa na kulowa pale linapotokea ardhini, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya udongoni. Usipoteze fedha kwa dawa ya wadudu. Punguza maji, ondoa kivuli kizito, na ng'oa miche iliyobanana.

Mche ukinyauka ungali umesimama, nawe ukauvuta ukatoka bila mizizi, tafuta mabuu weupe wa mbawakawa wenye kichwa cha kahawia. Vijia vilivyoinuka juu ya tuta ni vya chenene. Mbegu zikitoweka kabisa, shuku sisimizi au panya.

Hatua ya 1: Safisha siku 14 hadi 21 kabla ya kusia

Nondo wa sota hutaga kwenye magugu na masalia ya mazao, na viwavi wachanga huanza kwa kula magugu hayohayo. Ukipalilia leo na kusia kesho, umewaondolea chakula kimoja na kuwaandalia kingine kitamu zaidi. Ng'oa magugu yote, pamoja na ukanda wa mita 1 kuzunguka kitalu, kisha lima kina cha sentimita 20 na ugeuze udongo. Rudia kugeuza baada ya wiki moja. Waachie kuku asubuhi za kugeuza. Wanaokota mabuu kuliko mtu yeyote. Mbegu ikishaingia ardhini, kuku wafungiwe.

Kabla ya kusia, chimba mashimo mawili au matatu ya sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 15, na upekue udongo juu ya gunia. Ukikuta sota hata mmoja, ahirisha na ugeuze tena.

Hatua ya 2: Pasha udongo kwa jua, kama hali ya hewa inaruhusu

Mwagilia tuta hadi unyevu ushuke vizuri chini, tandaza nailoni inayopitisha mwanga, igusane na udongo, zika kingo zake zote, acha wiki 4 hadi 6. Ukichagua njia hii, anza kusafisha mapema kiasi hicho, si siku 14 hadi 21 tu kabla ya kusia. Nailoni nyeusi haifai sana kwa kazi hii, kwa sababu joto kubwa hubaki kwenye nailoni yenyewe. Njombe mwezi wa sita na wa saba usijisumbue, jua halitoshi. Kuchoma majani juu ya tuta hupasha sentimita chache za juu tu. Mabuu walio chini zaidi hawaguswi.

Hatua ya 3: Samadi iliyoiva

Debe 1 kwa kila mita 2 za mraba. Ikiwa bado inanuka au ina joto ukiingiza mkono, haijaiva. Samadi mbichi huvuta inzi na mbawakawa waje kutaga, na mara nyingi huja na mabuu wake tayari.

Hatua ya 4: Kusia

Inua tuta sentimita 15 hadi 20. Chora mistari kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, kina sentimita 1, mbegu zisirundikane. Fukia papo hapo ili sisimizi wasizione, kisha weka matandazo mepesi ya nyasi kavu. Miche ya kwanza ikichomoza, ondoa matandazo jioni ileile. Yakibaki, sota na konokono hupata pa kujificha mchana. Mwagilia asubuhi, ili uso wa udongo uwe umekauka usiku unapoingia.

Chandarua cha wadudu huzuia nondo kutaga, lakini kwenye udongo usiosafishwa kinakuwa ngome ya sota: ndege hawawafikii tena.

Hatua ya 5: Doria na chambo

Pita na tochi kati ya saa 2 na saa 4 usiku, uokote. Kwa chambo, changanya kilo 1 ya pumba, vijiko vikubwa 5 vya molasi au sukari guru, na maji ya kutosha ishikane bila kuchuruzika. Weka vijilundo chini ya vipande vya mbao jioni. Asubuhi geuza mbao na kuua waliokusanyika. Mvua ikinyesha, andaa upya.

Wakati wa kuhamishia shambani, zungushia kila mche kola ya karatasi ngumu ya sentimita 8, sentimita 3 zikiwa ndani ya udongo.

Maswali ya wadau

*Mdau, Kilolo: Shikamoo mwalimu. Majivu yanazuia sota?*

Marahaba. Yanasaidia yakiwa makavu. Yakilowa hayana nguvu. Nyunyiza duara jembamba kuzunguka mche. Usiyarundike, maana yakizidi huharibu uwiano wa asidi ya udongo.

*Mdau, Kirinyaga: Sisimizi wamebeba mbegu zangu za nyanya zote. Naweza kumwaga mafuta ya taa?*

Hapana, yataunguza mizizi. Sia kwenye trei juu ya meza, na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye maji na oili chafu kidogo. Hakikisha meza haigusi ukuta wala majani, la sivyo watapita huko.

*Mdau, Mbozi: Maharage yangu yanageuka njano yakiwa na majani machache, shina limevimba na kupasuka chini.*

Pasua shina hapo penye uvimbe. Ukikuta funza wadogo au pupa wa kahawia (funza waliojifunika wakigeuka inzi), ni inzi wa maharage. Hutaga kwenye majani, funza wanashuka ndani ya shina. Pandishia udongo wiki 2 hadi 3 baada ya kuota ili mimea itoe mizizi mipya juu ya jeraha. Msimu ujao panda mapema mvua zinapoanza.

*Huyohuyo: Na dawa ya kupaka mbegu?*

Inafanya kazi dhidi ya inzi huyo, hasa dawa zenye kiambato cha thiamethoxam au imidacloprid. Fuata kipimo cha lebo, vaa glavu, na nunua iliyosajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania), au PCPB (bodi ya kudhibiti viuatilifu) kwa walio Kenya. Mbegu za paketi zenye rangi nyekundu, kijani au buluu kwa kawaida zimeshapakwa: soma paketi kabla ya kuongeza nyingine, na zikibaki zisipikwe wala kupewa kuku.