Namna ya kuizuia runinga ya intaneti isipeleleze nyumba yako

Ukiingia katika maduka ya vifaa vya umeme ya Digo Road hapa Mombasa kununua runinga ya kisasa, muuzaji atakuonyesha upana wa kioo, ung'avu wa picha na wingi wa programu zilizomo. Jambo asilolisema, na huenda naye halijui, ni kwamba runinga nyingi za aina hiyo zikishaunganishwa na waifai zina uwezo wa kutambua kinachoonyeshwa kwenye kioo na kupeleka habari hizo nje ya nyumba, ili zitumike kukuchagulia matangazo.

Runinga huchukua alama fupi za picha au sauti, ikazituma kwenye seva, na huko zikalinganishwa na hazina kubwa ya vipindi hadi kijulikane ulichokuwa ukitazama. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Uingereza, Marekani na Hispania walizichunguza runinga za LG na Samsung wakakuta kwamba ya LG ilituma alama hizo kila baada ya sekunde 15 na ya Samsung kila dakika, hata pale runinga ilipotumika kama kioo tu cha kompyuta iliyochomekwa kwa waya wa HDMI. Kwa hiyo anayedhani amejificha kwa sababu anatazama kupitia king'amuzi au kompyuta yake anajidanganya, maadamu runinga yenyewe imo mtandaoni. Watafiti hao hao, hata hivyo, waliona kwamba mtumiaji alipokataa ufuatiliaji kwenye mipangilio, safari za alama hizo zilikoma. Ndiyo maana nasema kazi ya kupekua menyu haipotei bure.

Wakati mwafaka wa kukataa ni siku ya kwanza, runinga inapowashwa na kuanza kukuuliza maswali. Desturi yetu ni kubonyeza kitufe cha kukubali mfululizo, kwa kuwa watoto wamekwisha kaa mkekani wakingoja katuni. Tulia usome. Masharti ya jumla ya matumizi kwa kawaida huwezi kuyakwepa, lakini ridhaa ya kukusanya habari za utazamaji na ile ya matangazo yanayolingana na mapendeleo yako mara nyingi huwa ni za hiari, nazo ndizo za kuachwa bila kuwekewa alama.

Ikiwa runinga yako imekwisha kutumika, ingia kwenye mipangilio. Katika Samsung, tafuta sehemu ya masharti na faragha, kisha uzime “Viewing Information Services”. Katika LG, zima “Live Plus”. Katika baadhi ya runinga za Sony, kataa huduma ya Samba, ambayo nayo hutambua unachotazama. Zenye mfumo wa Android zina pia namba ya utambulisho wa matangazo, ambayo yafaa uifute au uianzishe upya. Majina haya hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, na sasisho la programu laweza kuleta maswali mapya, basi ipitie menyu tena kila runinga inapojisasisha.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuinyima runinga intaneti kabisa. Tangu mwaka 2015, Kenya ilipohamia matangazo ya kidijitali, runinga yenye kipokezi cha DVB-T2 (mfumo wa matangazo hayo ya kidijitali) ndani yake hupata stesheni za bure kwa antena tu, bila king'amuzi. Ukitaka filamu, zitie kwenye fleshi, au unganisha kompyuta kwa waya wa HDMI huku runinga ikiwa imesahaulishwa nywila ya waifai. Kompyuta nayo inaweza kuwekewa kizuia matangazo, jambo ambalo runinga nyingi haziruhusu.

Asiyeweza kuiacha intaneti ya runinga anaweza kubadilisha DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) kwenye ruta, yaani kifaa kinachosambaza waifai nyumbani, kwa mfano aandike 94.140.14.14 na 94.140.15.15, anwani za huduma ya AdGuard ya kuzuia matangazo, ambazo hukataa kufungua anwani nyingi za matangazo na ufuatiliaji. Ni afadhali kuibadilisha kwenye ruta kuliko kwenye runinga, kwa sababu simu na vifaa vingine vya nyumbani navyo vitafaidika. Usitarajie, hata hivyo, kwamba matangazo ya YouTube yatatoweka kwa njia hii, kwani huletwa kwa njia zile zile za video yenyewe.

Na siku utakapoiuza runinga hiyo au kumpa binamu yako wa Kisauni, irejeshe kwanza katika hali ya kiwandani, la sivyo atakaa barazani akitazama kwa akaunti zako.