Somo: Kutenganisha nanotubu za kaboni kwa SDS na jeli

Wakuu, nanotubu za ukuta mmoja (vijimirija vyembamba mno vya kaboni) hutengenezwa zikiwa zimechanganyika: takriban theluthi moja hupitisha umeme kama metali, zilizobaki ni nusukipitishi, yaani hupitisha umeme kwa masharti tu. Ukitaka transista (swichi ndogo za umeme), metali hizo zitakuharibia kazi. Njia ninayoipenda ni ya jeli, waliyoiendeleza watafiti kina Kataura huko Tsukuba, Japani.

1. Vaa barakoa na glavu. Vumbi la nanotubu lisiingie mapafuni. Tia miligramu 1 ya unga kwa kila mililita ya maji yenye 2% ya SDS (sodium dodecyl sulfate, sabuni safi ya maabara).

2. Piga mchanganyiko kwa mawimbi ya sauti ya masafa ya juu (sonikeita), chombo kikiwa kwenye maji baridi. Mafundo hufumuka, na SDS huivika kila nanotubu kabla haijashikana na mwenzake. Ukizidisha muda zinakatika.

3. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 100,000 (mara 100,000 ya mvutano wa dunia) au zaidi. Mafundo yaliyobaki huzama; chukua maji ya juu tu.

4. Jaza jeli ya Sephacryl S-200 kwenye bomba la sindano lenye kichujio, ioshe kwa SDS 2%, kisha mimina sampuli. Metali zitapita, nusukipitishi zitanasa. Hapa ndipo penye siri yote: SDS huzifunika metali kwa msongamano zaidi, kwa hiyo hazipati nafasi ya kugusa jeli. Usiongeze maji matupu hata tone, maana vazi hilo hulegea na mpangilio wote unavurugika.

5. Toa zilizonasa kwa 1% ya DOC (sodium deoxycholate), chumvi ya nyongo inayozikumbatia kuliko SDS.

Ukitaka nanotubu za muundo mmoja tu (kipenyo na msokoto uleule), mimina sampuli nyingi kupita uwezo wa jeli. Zitagombea nafasi, na zenye mshiko mkubwa ndizo zitakazobaki.

MASWALI

*Mkuu, sabuni ya kufulia haifai?*
Haifai. Ina chumvi na manukato, na chumvi hubadilisha jinsi SDS inavyojipanga juu ya nanotubu.

*SDS yangu imeganda kwenye friji.*
Baridi huigandisha. Ipashe taratibu hadi iwe angavu, ifanyie kazi kwenye nyuzi 25 hivi, na usibadilishe joto katikati, kwani joto nalo huamua zipi zinase.

*Nitajuaje nimepata (6,5), ule muundo mmoja unaotajwa kwa namba hizo?*
Maji yatakuwa ya zambarau. Thibitisha kwa spektromita (kipima mwanga): vilele vya ufyonzaji wa mwanga viwe karibu na nanomita 570 na 980. Ukiona vingine vyenye nguvu, pitisha tena kwenye jeli mpya.