Umeumia kwenye teksi ya mtandaoni Kenya? Piga picha stika ya bima kwanza

Gari likigongwa ukiwa abiria, kitu kinachopotea haraka ni ushahidi kwamba ulikuwa safarini. Piga picha ya skrini ya safari ikionyesha nambari ya gari, muda na njia, na uhifadhi risiti ya safari. Kisha piga picha ya stika ya bima kwenye kioo cha mbele, isomeke kampuni, nambari ya sera na tarehe ya kuisha. Angalia pia kama ni bima ya kubeba abiria wa kulipa. Dereva aliyekata bima ya gari la binafsi huipa kampuni sababu ya kukataa kulipa, na hapo ndipo madai yanaweza kukwama.

Ripoti kituo cha polisi, uchukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), abstrakti ya ajali (muhtasari wa polisi kuhusu ajali) na fomu ya P3 (fomu ya polisi ya kurekodi majeraha). Hiyo P3 hujazwa na daktari pia, kwa hiyo nenda nayo pamoja na karatasi zote za matibabu.

Mwenye gari mara nyingi si dereva. Fanya utafutaji wa gari NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ili umjue mwenyewe, kwa kuwa wote wawili wanaweza kushtakiwa.

Bima ya lazima hulipa hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Zaidi ya hapo unamdai mwenye gari. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali. Tafadhali, usitie sahihi hati ya kukubali malipo kabla daktari hajaeleza kama utabaki na ulemavu. Ukishasaini, dai limefungwa.