Gari la theluji la Thiokol: kulinunua, kulibeba na kulifufua

Muuzaji atakuonyesha injini kwanza. Ataiwasha, atakanyaga mafuta, itanguruma vizuri, nawe utaanza kuhesabu noti. Usitoe hata senti. Kwenye magari haya injini ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Pesa yako itamezwa na minyororo, ile mipana ambayo gari linatembelea badala ya matairi, na difu linaloizungusha, na vyote viwili viko chini, mahali ambapo huvioni mpaka ulale chali.

Tunazungumzia Imp na Spryte, magari ya theluji yaliyotengenezwa Logan, jimbo la Utah, Marekani, na Thiokol, kampuni ile ile ya injini za roketi. Mwaka 1978 kitengo hicho kiliuzwa kwa John DeLorean, mtengenezaji wa magari, na magari yakaendelea kutoka kwa jina la DMC, baadaye LMC. Leo kiwanda hakipo. Vipuri vya injini vinapatikana kwa sababu nyingi ni injini za Ford, lakini vya difu na minyororo utavitafuta kwa kuchakura, au utavichonga mwenyewe.

Linavyokata kona

Halina usukani wa duara. Kuna mikono miwili mbele ya dereva, wa kushoto na wa kulia. Ndani ya difu mna madramu mawili, kila moja limezungukwa na bendi, yaani ukanda wa chuma wenye laining kama ya breki, na vyote vinaogelea kwenye oili. Ukivuta mkono wa kushoto, bendi inabana dramu la kushoto, gia za ndani zinapunguza mwendo wa mnyororo wa kushoto na kuuongeza ule wa kulia. Mnyororo unaobanwa hausimami kabisa, unapungua tu, kwa hiyo gari haliwezi kugeuka papo hapo kama katapila. Ukivuta mikono yote miwili, gari linasimama: hizo ndizo breki zako. Mtindo huu ulitoka kwenye matrekta ya Cletrac, na aliyewahi kufungua difu la trekta hilo hataona maajabu humo. Tatizo ni bei ya laining na gia.

Siku ya kukagua

Beba tochi, sumaku, bisibisi ndefu, tepu ya kupimia, kipima kompresheni, jeki mbili, magogo na chupa ya kioo iliyo safi.

Anza na mnyororo. Umeundwa kwa mikanda ya mpira yenye nyuzi ndani, na juu yake zimefungwa mbavu za chuma kwa bolti. Sproketi, gurudumu lenye meno, inashika mbavu hizo na kuuzungusha mnyororo. Hesabu mbavu za kila upande, andika ngapi hazipo na ngapi zimepinda. Kisha shika mkanda kati ya mbavu mbili uukunje. Nyufa nyembamba za juu juu ni uzee wa kawaida. Ukiona nyuzi, mkanda umekwisha. Sasa angalia tundu za bolti, na hapa usiwe na haraka. Tundu nzima ni duara. Iliyochoka imekuwa yai, na pembeni yake mpira umevimba na kuachana na nyuzi. Hakuna kukaza kutakakoiponya hiyo, maana bolti haishiki mpira tena, inaning'inia kwenye nyuzi. Tundu za yai zikiwa nyingi, weka gharama ya mikanda yote mipya kwenye hesabu yako na umwambie muuzaji hivyo hivyo.

Hesabu inavyokwenda: chukua mnyororo wenye mbavu 60 na mikanda 4, bolti 2 kila ubavu unapokutana na mkanda. Hiyo ni bolti 480 upande mmoja, 960 pande zote mbili, na nati zake, na vibati vya kushindilia. Watu huambiwa bei ya mpira wakasahau mzigo huu wa bolti.

Difu linafuata. Legeza kizibo cha chini, kinga oili kidogo kwenye chupa. Rangi ya maziwa maana yake maji yameingia, na maji yakilala humo miaka huacha kutu kwenye madramu na beringi. Pitisha sumaku: unga mwembamba wa chuma ni sawa, vipande vya jino la gia si sawa. Halafu liendeshe gia ya kwanza, kwenye theluji au majani, kamwe si lami, vuta mkono mmoja. Gari likivuta kona mapema, bendi zina uhai. Mkono ukifika tumboni na gari linazidi kwenda mbele, ama bendi zinataka kukazwa, ama laining imekwisha, ama mtu ametia oili isiyostahili. Muulize ametia oili gani. Akijibu ile nzito ya difu la lori, hiyo yenyewe inaweza kuwa ndiyo sababu, kwa kuwa dawa zilizomo zinafanya bendi iteleze kwenye dramu.

Inua upande mmoja kwa jeki, egemeza kwenye magogo, tikisa kila gurudumu. Magurudumu haya ni matairi madogo ya upepo yanayopita juu ya mnyororo kwa ndani, nayo hushinda kwenye maji. Likicheza, beringi imekufa. Kama kuna magurudumu 5 kila upande, una habu 10, yaani beringi 20 na oilsili 10. Gonga fremu kwa bisibisi kila mahali ekseli ilipochomelewa. Nyufa hupenda kuanzia pale kwenye kona ya weldingi.

Mengi ya magari haya hayajawahi kusajiliwa kwa barabara, kwa hiyo usishangae kukosa kadi. Dai hati ya mauziano iliyosainiwa, yenye namba ya mashine, na uisome namba hiyo wewe mwenyewe kwenye kibati chake. Baadhi ya majimbo yanataka usajili wa gari la theluji, ulizia kabla ya kulipa.

Kulibeba

Pima upana wa gari kutoka ukingo wa nje wa mnyororo hadi ukingo wa pili. Kwenye barabara kuu za Marekani mzigo usiokuwa na kibali maalumu unaishia inchi 102, karibu mita 2.59. Tela ambalo matairi yake yako pembeni ya sakafu huenda lisilipokee, tafuta lenye sakafu juu ya matairi. Uzito usiukadirie kwa macho. Pitia kwenye mizani ya malori njiani, na hakikisha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela na mzigo wake inakaa kwenye kiungo cha gari linalovuta. Uzito ukirudi nyuma, tela litaanza kuyumba mkia ukishika kasi, na hapo hakuna udereva utakaokuokoa.

Mbavu za chuma juu ya ngazi ya chuma ni kama kiatu cha soli ya plastiki kwenye vigae vilivyolowa. Funga mbao za unene wa sentimita 5 juu ya ngazi, tandika mbao au zulia la mpira sakafuni. Pandisha kwa winchi hata kama injini inawaka, kwa kuwa mkono ukivutwa kidogo katikati ya ngazi gari linageuka na mnyororo mmoja unaning'inia hewani. Mtu yeyote asisimame pembeni ya ngazi wala kwenye mstari wa kamba ya winchi.

Lifunge gari kwa minyororo 4 ya kufungia mzigo, mmoja kila pembe, kwenye fremu. Usifunge kwenye mnyororo wa gari wala kwenye habu, kwani mpira unanepa na mzigo utalegea kilomita chache mbele. Mnyororo wa daraja la 70 wa inchi 3/8 unaruhusiwa kubeba pauni 6,600, takriban kilo 2,990, na huo unatosha. Funga milango kwa kamba, toa kila kioo kinachocheza, ziba bomba la moshi. Simama baada ya kilomita 20 ukaze upya.

Injini

Nyingi zina Ford ya silinda 6 za mstari. Zile ndogo, 170 na 200 (namba ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo), manifoldi yake ya kuvuta hewa imemiminwa kipande kimoja na silindahedi, kwa hiyo usipoteze siku kutafuta jinsi ya kuitenganisha. 300 ilifungwa kwenye malori ya Ford mpaka 1996, na vipuri vyake viko kila duka. Fundi aliyekulia kwenye Land Rover za zamani atajisikia nyumbani: kabureta, platini, kondensa, distributa.

Iliyolala miaka usiipige starta. Toa plagi zote, mimina kijiko cha oili nyepesi kila silinda, acha siku 3, kisha zungusha kwa spana kwenye puli ya krenki, mbele na nyuma kidogo kidogo. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Pima kompresheni injini ikiwa imepata joto: silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya iliyo juu kabisa. Ikipungua, tia oili kidogo ndani ya silinda hiyo upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki pale pale, tafuta vavu au gasketi. Kagua bloku kwa tochi, maana maji matupu yakiganda humo huipasua. Ukirudishia, weka nusu maji nusu dawa ya radieta, mchanganyiko unaohimili baridi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri.

Jambo moja tunalisema kwa uzito wote. Injini ya gari hili iko pamoja nawe kwenye kibanda, chini ya boksi la bati. Manifoldi ya moshi ikiwa na ufa, hewa ya sumu inajaa mahali unapovuta pumzi, nayo haina harufu wala rangi. Badilisha gasketi ya manifoldi hata kama inaonekana nzima, ziba kila tundu la boksi kwa mpira unaohimili moto, toa bomba lipite ukingo wa bodi, na funga kengele ya kaboni monoksaidi kabla ya safari ya kwanza. Kichwa kikiuma ndani ya gari, fungua milango na uzime. Usiseme ni baridi.

Mikanda

Kazi hii ndiyo inayotofautisha gari linalotembea na gari linalochomoka mnyororo kila mita mia. Mikanda ya mnyororo mmoja itoke kwenye roli moja, ikatwe kwa urefu uleule. Mmoja ukizidi hata sentimita mbili, utalegea peke yake, mbavu zitalala mshazari, na magurudumu yatapanda juu ya vyuma vya kuyaongoza.

Toboa kwa patasi ya duara yenye ncha kali na nyundo, si kwa drili. Drili inavuta nyuzi na kuanzisha ule ule mpasuko uliokufanya ununue mkanda mpya. Tengeneza kwanza kiolezo cha bati la milimita 6 chenye tundu za mbavu tano, na pini mbili zinazoingia kwenye tundu zilizokwisha kutobolewa ndipo usogeze. Ukipima kila ubavu kwa tepu na kukosea milimita 1, ukifika ubavu wa 60 umekosea sentimita 6, na ncha mbili za mkanda hazitaungana.

Nyoosha mbavu zilizopinda kwa presi, si kwa moto, maana chuma kilichopashwa kinalegea. Vichwa laini vya bolti vikae upande wa matairi, nati nje. Tumia nati za kujifunga zenye nailoni, mpya zote. Mpira mpya unabonyea chini ya kibati, kwa hiyo kaza tena baada ya saa 1, baada ya saa 5, na baada ya saa 20 za kutembea. Upepo wa matairi uwe sawa pande zote. Tairi lililolegea hualika mnyororo utoke. Ukikaza mnyororo kupita kiasi utaua beringi na sproketi, ukiuacha unalegea utaruka meno ukirudi nyuma.

Difu na vilivyobaki

Ukifungua difu, weka alama kila bendi ya upande gani. Laining ipelekwe kwa anayebandika za breki na klachi, umwambie wazi kuwa inafanya kazi ndani ya oili. Dramu lenye mifereji lichongwe. Rudishia kwa oili iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine, kisha rekebisha mikono yote ibane sawa; mmoja ukishika mapema, gari litavuta upande kila unapopunguza mwendo.

Vioo vingi ni bapa, na hiyo ni bahati. Peleka kiolezo cha kadibodi kwa fundi vioo akukatie vya tabaka mbili, vile vinavyokatika. Vilivyoimarishwa kwa moto havikatiki tena. Kwenye betri usibanie pesa, baridi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na karibu nusu ya nguvu zake.

Safari ya kwanza iwe nusu saa, mahali tambarare, karibu na gereji. Simama, shika kila habu kwa kiganja. Ikiwa moja inachoma na nyingine ni baridi, irudishe ndani uifungue leo hii, kabla haijakula ekseli.