Kushughulikia Uvamizi wa Eneo la Shule Mwanza

Shule nyingi za Ilemela na Nyamagana hazina uzio, na njia ya mkato kuelekea ziwani hupita katikati ya uwanja, ambako asubuhi utakuta dagaa wameanikwa juu ya nyavu hadi golini. Si kila anayepita hapo ni mhalifu. Kwa mujibu wa kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kosa la kuingia kwa jinai hukamilika pale mtu anapoingia isivyo halali, au anapokataa kuondoka ingawa aliingia kihalali, akiwa na nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi.

Kwa hiyo anza na mipaka: tafuta hati au ramani ya upimaji, hakikisha mawe ya mipaka yanaonekana, kisha weka kibao kinachosomeka. Mvamizi akija, mwalimu mkuu amtake aondoke mbele ya mashahidi, aandike tarehe na saa, na amjulishe mwenyekiti wa mtaa. Akikaidi, ripoti polisi na uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Tafadhali msimpige, watoto wanatazama, na kipigo ni kosa jingine.

Jirani akidai kwamba ardhi ni yake, jambo hilo ni mgogoro wa umiliki, ambao mahakama ya jinai haiumalizi. Mshirikisheni mwanasheria wa halmashauri mapema.