Namna ya kuandaa rejesta ya vihatarishi kwenye uzamili wa usimamizi wa usalama wa mtandao

Rejesta ya vihatarishi ni jedwali la matukio yanayoweza kuiletea taasisi hasara. Waliotokea kwenye ufundi wa kompyuta huanguka hapa: wanaorodhesha virusi na nywila dhaifu bila kusema taasisi itapoteza nini.

Chagua taasisi ndogo, mfano SACCOS, na upate kibali cha maandishi kabla ya kugusa chochote. Orodhesha mali za taarifa (mafaili, mifumo na vifaa vinavyozihifadhi) 10 hadi 15. Ukizidisha, uchambuzi unakuwa mwepesi.

Kila mstari ueleze tukio kamili: karani wa mikopo anafungua kiambatisho cha barua pepe, mafaili ya wanachama yanafungwa na wahalifu wanaodai fedha, malipo yanasimama siku 2. Toa alama 1 hadi 5 kwa uwezekano, 1 hadi 5 kwa athari, kisha zidisha. Andika mapema 5 ina maana gani kwa shilingi au saa za huduma kusimama. Usipofanya hivyo, msimamizi akiuliza kwa nini 20 na si 12, utakosa jibu.

Linganisha rejesta na vidhibiti (hatua za kinga) 93 vya Kiambatisho A cha ISO/IEC 27001:2022, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, ueleze sababu ya kila ulichoacha. Kwa taasisi ya Kenya, ongeza sharti la kumtaarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 taarifa binafsi zikivuja, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mwenye kihatarishi, yaani anayewajibika nacho, mtaje kwa cheo. Ukijaza "TEHAMA" kila mstari umekosea, maana TEHAMA haina mamlaka ya kukubali hasara ya mikopo. Meneja wa mikopo anayo.